Picha ya Bibi Imetoka Nyeusi

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za mapishi na malezi, tuzungumze habari za picha. Najua wapo watakaosema kwamba picha ni mambo ya vijana na simu zao. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka siku tulipomtafuta Bibi katika picha zetu tusimwone.

Bibi ninayemsema ni mama mkwe wangu. Desemba 2022 binti yetu wa pili alipata kipaimara, na Bibi alifika kutoka kijijini siku mbili kabla, na kitenge chake kipya cha zambarau na kilemba cha kufanana nacho. Baada ya ibada tulisimama kwenye mlango wa kanisa, Bibi katikati, mjukuu wake ubavuni na gauni jeupe. Mpiga picha, kijana wa usharika wetu, alikuwa upande wa ndani, na nyuma yetu uwanja ulikuwa unawaka jua la saa sita. Wiki iliyofuata alitutumia picha kwa simu. Uwanja ulionekana vizuri, gauni lilionekana, hata mbuzi wa jirani alionekana. Kwa Bibi palionekana kilemba na meno. Alipoonyeshwa alicheka, akasema, "Mmenipiga picha mimi au kivuli changu?" Nasi tukacheka, yakaisha.

Machi 2023 Bibi alifariki.

Anayejua shughuli za msiba anajua kwamba siku ya kwanza tu utaulizwa picha: ya kuweka mbele ya jeneza, na ya kuchapa kwenye ratiba ya ibada. Bibi hakuwa mtu wa kupenda kamera. Tulichokuwa nacho ni picha ndogo ya kitambulisho, ya miaka mingi, na ile ya mlango wa kanisa. Shemeji yangu akaipeleka ile ya kanisa kwenye duka moja la picha mjini. Mara ya kwanza ilirudi Bibi akiwa wa kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu, na uso mzima una chenga kama televisheni isiyokamata mawimbi. Tukairudisha. Mara ya pili walimsafisha kweli kweli, akatoka rangi ya papai bivu. Bibi mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliishika ile picha kwa muda mrefu, halafu akauliza taratibu, "Sasa hapa tunamzika nani?"

Hakuna aliyemjibu. Bibi alikuwa mweusi tii, na weusi wake aliupenda. Wakati mabinti wa kijiji walipoanza kujipaka mkorogo, ni yeye aliyekuwa akiwasema kisimani bila kumung'unya maneno. Leo tumzike na uso wa mkorogo?

Jioni ile yule kijana mpiga picha alifika kutoa pole. "Shikamoo mama. Poleni sana." Nikamwitikia, na katika mazungumzo nikamweleza tatizo letu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, ile niliyowatumia ni ya simu tu. Ile ghafi bado ninayo." Akaenda nyumbani, akarudi na kompyuta yake ya mpakato, akakaa kwenye kona ya meza ya chakula huku watu wakiimba nje kwenye turubai. Mimi nikavuta kiti nikakaa ubavuni mwake. Haya ninayowaeleza niliyajifunzia pale, na mengine niliyatafuta baadaye.

Wale wa umri wangu wanakumbuka zamani tulipopeleka filamu kusafisha. Tulirudishiwa picha pamoja na negativi katika bahasha. Picha ikichanika, au ikitoka na giza, negativi ilikuwapo, na fundi aliweza kuichapa upya kwa mwanga zaidi. Kamera za siku hizi nazo zina kitu kama negativi. Kinaitwa faili ghafi, na kwenye kamera kimeandikwa kwa herufi RAW. Ni kumbukumbu ya mwanga wote ulioingia kwenye kamera, kabla kamera haijaamua lolote. Picha tunazotumiana kila siku, za aina ya JPEG, ni picha ambazo kamera imekwisha kuzisafisha yenyewe kwa haraka: imechagua mwanga na rangi, ikaupunguza uzito wa faili kwa kutupa ilichoona hakihitajiki.

Mama wa jikoni ataelewa mara moja. JPEG ni pilau iliyokwisha kuiva. Ikikolea chumvi, utafanya nini? Utaongeza viazi, utaongeza maji, lakini chumvi huitoi. Faili ghafi ni mchele, nyama na viungo vikiwa bado kwenye sinia.

Na tofauti yenyewe si ndogo. Katika JPEG ya kawaida, kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu ina ngazi 256 tu kutoka giza hadi mwanga. Katika faili ghafi la kamera nyingi za leo ngazi ni 4,096, au 16,384. Sasa fikiri uso mweusi uliokaa kivulini. Katika JPEG shavu, paji la uso na makunyanzi ya jicho vyote vimebanwa kwenye ngazi chache za chini kabisa. Duka lile lilipovuta mwanga juu, lilivuta ngazi zile zile chache, ndiyo maana ukaja ule ujivu na zile chenga. Tena picha ilikuwa imepita kwenye WhatsApp, ambayo huipunguza tena. Maskini, walikuwa wanakamua nazi iliyokwisha kukamuliwa mara mbili.

Lakini kwa nini kamera imtie Bibi gizani tangu mwanzo? Kamera haijui huyu ni bibi na ule ni uwanja. Mara nyingi hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Uwanja uking'aa nyuma, kamera hupunguza mwanga, na walio mbele huzama. Gauni jeupe la arusi likijaa kwenye picha hufanya vivyo hivyo. Bibi harusi hupendeza, na mama yake aliyesimama nyuma hupotea. Nadhani kila nyumba ina picha ya namna hiyo.

Nilipoendelea kusoma nikakuta jambo lililonishangaza. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi ya mfano ya kupimia rangi. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ngozi nyingine zilifuata zilivyoweza. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hizi mwaka 2009. Anaeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu irekebishwe ili ionyeshe vizuri rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukikuta picha zako za ujana zimekutoa kama mkaa, usijilaumu wala usiilaumu ngozi yako.

Turudi mezani. Kijana alilifungua faili, na kusema kweli lilikuwa baya kuliko picha ya simu, limepooza, rangi hazina uhai. Akaniambia ndivyo yalivyo, mchele hauna ladha kabla ya kupikwa. Pembeni ya picha palikuwa na mistari yenye vidude vya kusogeza kushoto na kulia. Kwanza alishusha sehemu zenye mwanga mkali, uwanja ukatulia. Kisha akapandisha sehemu za kivuli peke yake, polepole. Nikaona paji la uso likitokea. Nikaona macho. Halafu nikaiona ile alama ndogo chini ya jicho la kushoto, aliyoipata utotoni kwa mwiba, ambayo wajukuu walizoea kuigusa. Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi alikuwa kwenye rangi. Kivulini, chini ya anga la buluu, mwanga huwa na ubuluu, na uso wa Bibi ulikuwa umepoa kama wa mtu anayeumwa. Katika faili ghafi rangi ya mwanga haijafungwa. Kijana alikigusa kipande cha gauni la binti yetu, akaiambia programu kwamba hiki ndicho cheupe, na rangi zote zikajipanga. Zambarau ya kitenge ikarudi, na ngozi ikapata ule wekundu wa mbali ulio ndani ya weusi. Hapo nikakumbuka arusi moja ambapo turubai la buluu liliwafanya wageni wote waonekane kama wamekunywa sumu. Nikamuuliza kama nazo zingepona. Akasema kwa sehemu, kwa sababu turubai likipaka watu buluu huku jua la pembeni likiwapaka njano, ukitibu moja unaumiza nyingine.

Nikamwambia, "Mwongezee mwanga kidogo tena." Akakataa kwa adabu. "Mama, nikiongeza atakuwa kama yule wa dukani." Akamwita Bibi mdogo aje aamue. Yule mama alivaa miwani, akainama, akatazama. Akasema, "Rudisha giza kidogo hapa shavuni. Ehe. Huyo." Hapo ndipo nilipoona vema kwamba kutoa picha gizani na kumchubua mtu ni kazi mbili tofauti, ingawa mashine ni ile ile. Mwenye kuhukumu awe mtu aliyemjua.

Sitaki mdhani kwamba faili ghafi linafanya miujiza. Bati la nyumba ya mchungaji, lililokuwa likimeremeta nyuma, lilibaki jeupe kama karatasi. Mwanga uliozidi kipimo cha kamera umeungua, hakuna cha kurudisha. Kwenye kivuli kirefu cha kilemba zilibaki chenga kidogo. Na picha nyingine ya siku ile, Bibi akicheka, nzuri kuliko zote, ilikuwa imetikisika. Tuliitazama mara tatu, kijana akatikisa kichwa. Picha iliyotikisika haina dawa.

Sasa nini cha kufanya, kabla ya arusi au ubatizo ulio mbele yako? Zungumza na mpiga picha wakati wa kupatana bei, si baadaye. Muulize kama atapiga RAW, au RAW na JPEG kwa pamoja, maana kamera nyingi zinaweza vyote viwili. Akisema ndiyo, utayatambua mafaili kwa mkia wa jina: ya Canon huishia na CR2 au CR3, ya Nikon NEF, ya Sony ARW. Wapo wapiga picha wasiopenda kuyatoa, nami siwalaumu sana, kwa maana ni kazi isiyokamilika, na wewe ukiisafisha vibaya watu watamlaumu yeye. Basi patana naye ayatunze angalau mwaka mmoja, na awasafishie upya picha za wazee. Mwambie waziwazi: usimbadilishe mtu rangi. Tena mkumbushe asiwapange wazee na jua nyuma yao. Hatua tatu za kusogea kivulini hushinda saa nzima ya kompyuta.

Mafaili haya ni mazito. Moja la kamera ya pikseli milioni 24 hufika kama megabaiti 25 au 30, kwa hiyo picha 1,000 za arusi huhitaji diski yenye nafasi. Akikutumia kwa WhatsApp atume kama waraka, si kama picha. Vijana wenu wakitaka kujifunza kusafisha, darktable na RawTherapee ni programu za bure za kompyuta. Lightroom ya Adobe hulipiwa kila mwezi. Simu nyingi za bei ya juu nazo zinaweza kutunza picha ghafi, za aina ya DNG, na Snapseed huzifungua kwenye simu bila malipo. Lakini jamani, picha za mboga ulizopika na za mtoto aliyelala usizihangaikie. JPEG inatosha kabisa.

Ile picha ya mlangoni tuliichapa asubuhi iliyofuata, duka likiwa halijafunguliwa vizuri, ikawekwa mbele ya jeneza. Watu wa kijijini walipopita kuaga, niliona kadhaa wakiitazama picha na kutikisa kichwa kama mtu anayeitikia salamu. Baadaye tulichapa nyingine mbili. Bibi mdogo ameitundika yake juu ya redio. Faili lenyewe kijana alituachia, liko kwenye diski mbili, moja kabatini kwangu na nyingine kwa wifi yangu Dodoma.