Kipimo cha Haraka cha Mabaki ya Viuatilifu: Ungo, Si Hukumu

Nyanya iliyochumwa alfajiri huko Kasanda, katika nyanda za juu za Kigoma, inaweza kuwa mezani kwa mlaji wa Kibondo au Kasulu kabla ya jua kutua. Sampuli yake ikipelekwa maabara jijini Arusha, upande wa pili wa nchi, majibu hurejea nyanya ikiwa imekwishaliwa. Pengo hilo ndilo linaloipa uzito teknolojia ya vihisi vya kielektrokemia.

Vihisi hivyo hufanya kazi kwa kanuni inayokaribiana na ya kipima sukari cha wagonjwa wa kisukari. Juu ya elektrodi huwekwa kimeng'enya ambacho utendaji wake huzalisha mkondo mdogo wa umeme. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti hukizuia kimeng'enya hicho, kama vinavyofanya katika mishipa ya fahamu ya mdudu na ya binadamu. Hivyo, mkondo unapopungua zaidi, mabaki ni mengi zaidi. Jibu hupatikana kwa dakika, si kwa siku.

Hata hivyo, wepesi huo una mipaka. Kihisi cha aina hii hubaini kundi la viuatilifu, si jina la kila kimoja. Na vile vinavyofanya kazi kwa njia nyingine, vikiwamo vya jamii ya pairethroidi, havionekani. Aidha, kimeng'enya huharibika kwa joto. Kwa sababu hiyo, si haki mkulima kunyimwa soko kwa kipimo hicho pekee. Uthibitisho unabaki kuwa kazi ya mitambo ya maabara.

Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha. Endapo vihisi vitafikishwa ngazi ya halmashauri, manufaa yake yatategemea utaratibu ulio wazi: nani anapima, mzigo wenye shaka unashikiliwa kwa muda gani, na sampuli zipi zinasafirishwa kwa uthibitisho.

Pamoja na hayo, kinga ya kwanza inabaki shambani: kuheshimu siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo. Kihisi kinaweza kuonesha kwamba siku hizo zimekiukwa. Hakiwezi kuzihesabu kwa niaba ya mkulima.