Daftari la Wiki: Nyumba Mbili za Msimu wa Mpunga

Mpunga ukikaribia kuiva katika bonde la Kilombero, kaya nyingi za Mchombe na vijiji jirani hugawanyika. Baba na mama huhamia kwenye kibanda cha shambani, wakaamie ndege, wafukuze nguruwe pori, na baadaye wavune. Mtoto anayenyonya huenda na mama yake. Anayesoma hubaki kijijini kwa bibi, au chini ya dada yake ambaye naye bado ni mwanafunzi. Tunapozungumzia malezi ya Kikristo huwa tunaanzia kanisani: nani kabatizwa, nani anaandaliwa kwa komunyo ya kwanza, nani atapata kipaimara. Naona tuanzie kwenye mgawanyiko huu wa kaya, maana ndio unaoamua ni nani hasa anamlea mtoto kwa miezi kadhaa ya kila mwaka.

Makanisa yenyewe hayakuwahi kumkabidhi katekista kazi hiyo peke yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamtwika mzazi wajibu wa kufundisha, tena nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 alimlenga mkuu wa kaya, aifundishe nyumba yake mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ukaifananisha familia na kanisa la nyumbani. Sababu si ngumu kuiona. Mafundisho ya Jumamosi humpa mtoto maneno ya amri. Maana yake huipata kwa kumtazama mzazi. Amri ya kutoiba huielewa siku mnunuzi anapodai gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na baba akakataa, au siku baba mwenyewe anapochanganya pumba ili uzito uongezeke. Huielewa pia akiona kibarua aliyevuna kutwa nzima analipwa jioni ileile au anazungushwa. Asiyekuwepo hapo hakufundishwa, hata kama anaikariri Sala ya Bwana bila kukosea.

Nitaambiwa kwamba watu hawaendi shamba kwa starehe, na kwamba mtoto mwenye njaa hafundishiki. Ni kweli, na anayemlaumu mkulima wa mpunga kwa kulima hajui ada na chakula vinatoka wapi. Lakini kuhama si lazima kuvunje desturi ya nyumba. Bonde hili limekwisha kuthibitisha hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulieneza hapa vyandarua vya Zuia Mbu. Miaka michache baadaye, watafiti walipofuatilia kaya zinazohamia mashambani, walikuta karibu watu wote wanalala ndani ya chandarua hata kule kibandani. Familia iliyoshika jambo huhama nalo. Sala ya jioni haina uzito wa kubeba, na kibandani, ambako jirani yuko mbali na giza huingia mapema, muda wa kuzungumza na mtoto aliyekuja wakati wa likizo ni mwingi kuliko kijijini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: bibi amelea siku zote, na wengi wetu imani tumeipokea kwake. Kwa mtoto wa miaka saba sina la kubisha. Kwa binti wa miaka kumi na tano nabisha. Bibi aliyechoka hawezi kumfuatilia kijana mwenye simu na rafiki wenye pikipiki, na umri huo ndio wa kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye kitabu cha kipaimara. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti huyo kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikaona vifungu vilivyoruhusu hilo vinapingana na Katiba. Mahakama imesema lake, ila haiwezi kumwuliza binti amelala wapi jana. Wa kuuliza ni mzazi, na akiwa shamba, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kabla ya watu kuhama, kila jumuiya ingeweza kutaja nyumba zitakazobaki na watoto peke yao, na kuipa kila moja mama mmoja wa kupita kila jioni. Mafundisho ya kipaimara nayo yasogezwe hadi mpunga uwe ghalani, wazazi wakae darasani pamoja na watoto wao.