Mkaratusi: Mcheza Kwao Hutunzwa

Ndugu wanajeshi na polisi, askari aliyepata kuhamishwa kutoka kambi hadi kambi anaujua mkaratusi, mti mrefu unaotupatia kuni, nguzo na boriti. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kujiuliza mti huu una kazi gani huko kwao Australia? Swali hili si la wanachuo peke yao. Latuhusu sisi tuliokabidhiwa ardhi na chemchemi za kambi.

Australia ina zaidi ya aina 700 za mikaratusi, na huko mti huo hauishi kwa upweke. Koala, mnyama abebaye mwanawe mfukoni, hula majani yake karibu pasipo chakula kingine. Ndege hufyonza utamu wa maua yake na kusambaza chavua. Mashimo ya miti mizee, ambayo huchukua miaka mia na zaidi kupatikana, ni nyumba za kasuku na bundi. Moto ukipita, machipukizi yaliyofichika chini ya gome huchomoza na msitu hurejea. Migunga ya huko nayo, kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, huipa ardhi rutuba, na mbegu zake ngumu huamshwa na joto la moto huo huo.

Lililo kubwa zaidi ni maji. Magharibi ya Australia wakulima walifyeka misitu wapate kulima ngano. Miti ile yenye mizizi mirefu ndiyo iliyokuwa ikiyanywa maji ya mvua kabla hayajazama chini. Ilipoondolewa, maji ya ardhini yalipanda juu pamoja na chumvi iliyokuwa imelala humo maelfu ya miaka, na mashamba mengi yakafa. Ni dhahiri basi kwamba huko kiu ya mti ni ulinzi wa nchi.

Je, kiu hiyo hiyo ikiletwa penye chemchemi yetu? Mizizi inayozuia chumvi kule, huku hukausha kinamasi. Wala hapa hatuna koala. Mifugo yetu haili majani yake, na chini yake mimea mingi ya kienyeji haistawi.

Sisemi mkaratusi ung'olewe kila mahali. La hasha! Kila mti wa kuni tuupandao waweza kuuepusha msitu wa asili na shoka. Nisemalo ni kwamba upangiwe lindo linaloufaa, yaani mahali pakavu, mbali na maji. Kandokando ya mito na chemchemi ipandwe miti ya kienyeji, kama mikuyu. Askari hodari akiwekwa mahali pasipomfaa huweza kukiponza kikosi kizima, na mti ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo, mvua zijazo, kabla miche haijagawanywa, kila mkuu wa kambi na awatume watu wake wakaikague kwanza njia ya maji. Kisima kikishakauka, hakuna amri itakayokirudisha.