Mgeni wa Miaka Mia

Mwandishi mmoja anadai Eastleigh si Nairobi tena: eti Wasomali wameifanya nchi yao na kuwasukuma nje wenyeji. Wenyeji gani? Mtaa ulianzishwa 1921, enzi za ubaguzi wa wakoloni, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa hasa Wahindi na Wasomali. Mjukuu wa mkazi wa kwanza leo anaulizwa atarudi kwao lini!

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya lugha: eti mwenye duka anayezungumza Kisomali haipendi Kenya. Basi mama anayepatana bei kwa Kikuyu pale soko la Gikomba tumfukuzie wapi? Na Mmeru anayeshusha miraa huku akipiga simu kwa Kimeru? Na huyo mwenye duka Msomali, mteja akiingia, hugeukia Kiswahili bila kuhimizwa. (Bei haishuki kwa lugha yoyote, lakini hilo ni lalamiko jingine.)

Kuhusu usalama, mwandishi huyo anapendekeza msako. Aprili 2014 serikali ilijaribu dawa hiyo: maelfu ya watu walizolewa na kujazwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo raia wa Kenya. Anayetaka kurudia hayo aseme waziwazi, asijifiche nyuma ya neno “wenyeji”.