Corona kali kwa mjamzito si mafua

VIJIWENI siku hizi ukitaja corona unachekwa. Eti imekwisha, kilichobaki ni mafua. Ni kweli kwamba Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa hali ya dharura. Lakini dharura kwisha si kirusi kwisha.

Kijana, cheka upendavyo. Ila kama nyumbani una mke mwenye mimba, tusikilize kwanza.

Hatuandiki kumtisha mtu. Tunasema jambo moja tu: kwa mjamzito, hatari kubwa iko kwenye ukali wa ugonjwa.

Ushahidi upo. Nchini Marekani watafiti waliwachunguza wajawazito 1,219 wenye corona waliojifungua katika hospitali 33 kati ya Machi na Julai 2020. Miongoni mwa wasio na dalili, wapatao 12 katika kila 100 walijifungua kabla ya wakati. Miongoni mwa waliougua vibaya, idadi hiyo ilifika 42. Shinikizo la damu la uzazi nalo lilipanda kutoka 19 hadi 40 katika kila 100. Waliougua kidogo au kwa kiasi hawakuonekana kupata madhara zaidi ya wale wasio na dalili.

Kwa nini? Mimba ikikua husukuma kifua juu na mapafu hukosa nafasi, huku mwili ukidai oksijeni kwa watu wawili. Mapafu yakijaa ugonjwa, mama anapungukiwa pumzi na mtoto anapungukiwa pia. Mara nyingine daktari hana njia ila kumtoa mtoto mapema ili kuokoa maisha. Watoto wachanga wengi hawazaliwi na kirusi. Balaa lao kubwa ni kuzaliwa njiti, na mapafu yasiyokomaa.

Sasa tugeukie kwetu. Mapema Mei 2020, ikiwa imetangaza wagonjwa 509 na vifo 21, Serikali ya Tanzania iliacha kutoa takwimu. Juni mwaka huo wananchi wakaambiwa corona imeondoka. Januari 2021 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alizitilia shaka chanjo hadharani. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Tunauliza: katika miezi ile ya kimya, wajawazito wangapi waliishiwa pumzi? Watoto njiti wangapi walizaliwa kwa sababu hiyo? Kigogo mwenye mke mjamzito hakosi daktari wa kumpigia simu. Mlalahoi alikuwa na nyungu, na nyungu haiongezi oksijeni kwenye damu.

Wenzetu waliohesabu walipata jibu. Huko Scotland, tangu chanjo ilipoanza Desemba 2020 hadi Oktoba 2021, wajawazito 104 wenye corona walilazwa kwenye vyumba vya uangalizi maalumu. Kati yao, 102 walikuwa hawajachanjwa. Hivyo ndivyo takwimu zinavyookoa watu: zinaonyesha nani anaumia na nini kinamkinga.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali ihakikishe kila wodi ya wazazi ina oksijeni na kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94, huo ni ugonjwa mkali. Na ugonjwa mwingine ukizuka kesho, tupewe idadi kamili, wajawazito wakihesabiwa peke yao.

Nawe kijana una zamu yako. Wewe ndiye unayebanana kwenye daladala na kurudi nyumbani na kikohozi. Ukikohoa, vaa barakoa na lala kando. Mama akipata homa na kikohozi, mpeleke kliniki mapema na umuulize mganga kuhusu chanjo. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi, tafuta usafiri saa hiyo hiyo. Akijifungua akiwa na corona, avae barakoa na aendelee kumnyonyesha mtoto.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wakubwa walipoficha, walioumbuka hawakuwa wao. Safari hii tusikubali aumbuke mama na kichanga chake.