Kupumzisha Goti Si Tiba

Mtu wa makamo ambaye goti humuuma apandapo ngazi huambiwa na jamaa zake, na mara nyingine hata na mhudumu wa afya, apumzike. Ushauri huo una huruma, lakini ukifuatwa kwa miezi humdhuru. Gegedu linalofunika ncha za mifupa ya goti halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa maungio, kadiri goti linavyobeba uzito na kuutua. Goti lisilotumika hupungukiwa na lishe hiyo, na misuli ya paja inayolitegemeza husinyaa upesi.

Kwa hiyo daktari amwandikie mgonjwa zoezi kama amwandikiavyo dawa: lipi, mara ngapi, kwa wiki ngapi. Kuketi kitini na kuinuka bila kujishika, mara 10, akianza na kiti kirefu, kwatosha kuwa mwanzo. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yavumiliwe. Yakizidi, au goti likivimba, zoezi lipunguzwe, lisiachwe. Wengi huharibu hapa. Humeza diklofenaki ili waweze kukimbia mchakamchaka wa Jumamosi, wakamziba mdomo shahidi pekee waliye naye, tena kwa kuhatarisha tumbo na figo.

Goti lenye joto na wekundu pamoja na homa, lililokwama lisikunjuke, au lisiloweza kubeba uzito baada ya kuanguka, halina zoezi: lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.