MTANDAO UINGIE DARASA LA HISTORIA, LAKINI TUUHOJI

Wako wenzetu ambao ukiwatajia somo la Historia na Serikali wanakujibu, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Kwao historia ni kukariri tarehe, kufanya mtihani, basi. Mimi napinga. Hapa kwetu Kericho na Bomet, ya jana bado yanatukalisha vikao leo.

Tazama haya mashamba ya chai tunayoyapita kila asubuhi. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na ukoo wa Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa sababu wazee wao walifukuzwa kwenye ardhi hii. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ikawapeleka Gwasi, karibu na Ziwa Viktoria, penye mbu na mbung'o. Haya kitabu chetu cha darasani kinayapita mbio mbio, kama matatu isiyotaka abiria.

Lakini mtandaoni yamo mengi. Majadiliano ya Bunge la Uingereza tangu mwaka 1803 yamewekwa huko, nayo yanasomwa bure, pamoja na maswali yaliyoulizwa kuhusu Kenya. Zipo picha za zamani, ramani na magazeti. Sisi tuna maabara ya kompyuta, ila anayeingia ni yule anayesoma somo la kompyuta tu. Jamani, kwa nini mwanafunzi wa historia abaki nje akichungulia dirishani?

Najua walimu wetu watasema, "Mkifunguliwa mtaenda kutazama kandanda na muziki." Ni kweli wapo watakaofanya hivyo. Lakini dawa yake ni mwalimu kuwa pale na swali mkononi, siyo kufuli. Isitoshe, kuna hatari kubwa kuliko kandanda: kuamini kila tunachokisoma.

Chukua mfano wa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Aliyempiga risasi ni Richard Meinertzhagen, afisa Mwingereza. Yeye alidai kwamba alikuwa ametegewa mtego. Wanandi wanasimulia kwamba Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi akitoa mkono wa salamu. Shajara ya Meinertzhagen ilichapishwa mwaka 1957 na watu wanainukuu mpaka leo. Lakini mtu huyo huyo alikuja kugunduliwa kwamba aliiba ndege waliohifadhiwa kwenye makumbusho na kudanganya mahali walikopatikana! Shahidi wa namna hii si lazima tumhoji kwanza?

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila darasa la historia lipewe kipindi kimoja kwa wiki katika maabara, na kila tukio tulisome kutoka pande mbili au zaidi, huku tukiuliza: nani ameandika, lini, na alitaka nini?

La pili ni letu wenyewe. Nyaraka nyingi zilizo mtandaoni ziliandikwa na waliofukuza, siyo waliofukuzwa. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa bweni wanalala shuleni, lakini sisi kila jioni tunarudi nyumbani kwa nyanya na babu. Watalai walianza kurudi kutoka Gwasi karibu na uhuru, na waliozaliwa kule sasa ni wazee wa mkongojo. Tuwaulize, kwa ruhusa yao tuwarekodi, tuandike kwa Kipsigis na kwa Kiswahili, kisha chama chetu kiyahifadhi na kuyaweka mtandaoni. Nao wahojiwe vilevile, kwa heshima, maana hata mzee husahau.

Mzee mmoja akifariki kabla hatujamwuliza, hakuna kompyuta itakayomrudisha. Walimu wetu, tufungulieni maabara. Wenzangu, leo jioni ukifika nyumbani, anza na swali moja tu.